Kinoo cha Kwanza kutoka Milima ya Kyoto

Kinoo cha kiwandani huandikwa namba ubavuni: 1000, 5000, 8000. Namba hiyo ni ahadi. Kwa kiwango cha Japani, chembe za kinoo cha 8000 zina ukubwa wa takriban mikroni 1.2, na ukinunua vinoo kumi vya namba hiyo kutoka kiwanda kimoja, vyote kumi vitafanya kazi ile ile. Jiwe la asili kutoka milima ya Kyoto halina namba. Lina jina la chimbo, pengine jina la tabaka, pengine muhuri uliogongwa kwa wino mgongoni, na bei ambayo mara nyingine humtoa mtu jasho. Ndiyo maana anayetafuta jiwe lake la kwanza kwa ajili ya wembe wa kukunja hujikuta amebaki na maneno ya muuzaji tu.

Nimenoa nyembe kwa mawe haya kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: ninunue lipi? Jibu langu halijabadilika. Nunua jiwe gumu, safi, ambalo mtu ameshalijaribu kwa wembe na kunyolea, hata kama ni dogo na limekatika vibaya. Jina la chimbo liache kwanza. Lakini ili jibu hilo lieleweke, inafaa kujua jiwe lenyewe limetoka wapi, kwa sababu tabia zake zote zinaanzia huko.

Takriban miaka milioni 250 iliyopita, miamba hii ilikuwa matope kwenye sakafu ya bahari kuu, mbali na nchi kavu yoyote. Majini waliishi radiolaria, viumbe wa seli moja wenye mifupa ya silika, madini yale yale yaliyojaa katika mchanga na kioo. Walipokufa, mifupa yao ilizama polepole, ikarundikana, ikawa mwamba mgumu wa jamii ya gumegume. Kisha, mwishoni mwa kipindi cha Pemia, dunia ikapatwa na kifo kikubwa kuliko vyote tunavyovijua. Sehemu kubwa kabisa ya viumbe wa baharini ilitoweka, na radiolaria wakapungua mno. Mvua ile ya mifupa ikakatika. Kilichoendelea kutua chini ni udongo laini kupita kiasi, uliochanganyika na chembe ndogo sana za silika, kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, kwa muda mrefu. Baadaye radiolaria wakarudi, na gumegume likaanza tena kujengeka juu yake. Lile tabaka la katikati, lililolala kati ya gumegume na gumegume, ndilo jiwe la kunolea. Wanajiolojia wa Japani wameuita mwamba huo kwa neno lao la kawaida la kinoo, toishi.

Kila ninapolowesha jiwe langu huwa nakumbuka hilo. Wembe unaopita shavuni asubuhi umenolewa kwa udongo uliotua baharini wakati bahari yenyewe ilikuwa karibu tupu.

Tabaka hilo halikubaki lilivyolala. Sakafu ya bahari ilisukumwa polepole hadi ukingo wa Asia, ikakunjwa, ikabanwa, ikapasuka, na maji yenye chuma yakapenya kwenye nyufa. Kwa hiyo mawe mawili yaliyotoka katika shimo moja, wiki moja, yanaweza kutofautiana kama ndugu wa tumbo moja wanavyotofautiana. Hapo ndipo ugumu wa kuchagua unapoanzia.

Machimbo yenye sifa yako kaskazini-magharibi na magharibi ya jiji la Kyoto. Upande wa Umegahata kuna Nakayama, Okudo, Ozuku, Shobudani, Narutaki. Ukielekea Kameoka kuna Ohira na mengine. Kwa karne nyingi mawe hayo yalinoa panga za kivita, randa za maseremala, visu vya wapishi na nyembe za vinyozi. Katika karne ya 20 vinoo vya kiwandani vilikuja kwa bei nafuu na ubora usioyumba, wembe wa kutupa ukachukua nafasi ya wembe wa kunoa, na machimbo mengi yakafungwa moja baada ya jingine. Mengi yanayouzwa leo ni akiba ya zamani: mawe yaliyolala maghalani, yaliyotoka kwa vinyozi na maseremala waliostaafu, au yaliyookotwa katika vifusi vya machimbo.

Akiba isiyoongezeka hupandisha bei, na bei ikipanda huzaa udanganyifu. Jina la Nakayama ndilo linaloumiza wanunuzi wengi. Nakayama ilitoa mawe bora ya wembe, hilo halina ubishi. Ilitoa pia mawe ya kawaida, na mawe mabovu. Na jiwe likishatoka chimboni halina cheti cha kuzaliwa. Muhuri ni wino tu, na mtu yeyote mwenye kipande cha mpira na kisu anaweza kuchonga muhuri. Kipande chenye jina na muhuri, cha ukubwa kamili, kinaweza kuuzwa kwa zaidi ya dola elfu moja. Kisicho na jina, chenye kazi ile ile makali yakishafika shavuni, hupatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo. Mnunuzi wa mara ya kwanza hana mkono wa kuhisi tofauti, hivyo fedha ya ziada anayolipa inanunua wino.

Rangi nayo imebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Wajapani wana majina mazuri: kiita kwa jiwe la manjano, asagi kwa lile la kijivu linaloelekea kwenye buluu iliyofifia, karasu, yaani kunguru, kwa lenye madoa meusi, nashiji kwa lenye vitone kama ganda la pea. Ni mawe ya kupendeza, na karasu likiloweshwa vizuri unaweza kulitazama kama picha. Kwa wastani asagi huwa gumu na lenye chembe ndogo, na kiita nzuri zina sifa kwa vinyozi wa zamani. Lakini rangi haikati nywele. Kinachosaidia zaidi kujua ni tabaka. Tabaka linaloitwa tomae ndilo ninalompendekezea mgeni, kwa kuwa mara nyingi ni safi na limeshikamana. Suita ina vitundu vidogo vilivyotawanyika, hunoa haraka, na mafundi wa visu na randa wanaipenda sana. Kwa makali membamba ya wembe vitundu hivyo ni hatari isiyo na sababu, angalau mwanzoni. Uchigumori ni laini, ni jiwe la wasafishaji wa panga, na wembe hauhusiki nalo.

Sasa ugumu. Wauzaji wengi hupima kwa ngazi ya 1 hadi 5, 5 ikiwa ndiyo ngumu kabisa. Wapishi wanafurahia 3, kwa sababu jiwe la kiasi hicho humwaga uji kwa urahisi na kukata haraka. Uji ni lile tope jembamba linalotoka jiwe linaposuguliwa na maji. Makali ya wembe, hata hivyo, ni membamba kuliko mikroni moja, na wembe husukumwa makali yakiwa mbele. Uji mzito ukizidi, makali yanaulima kama jembe linavyolima matope, na kila mkupuo unayaparua na kuifanya ncha yake kuwa butu. Mtu anaendelea kunoa, wembe unazidi kuwa butu, naye anadhani kosa ni la mkono wake. Kwa hiyo wembe unataka 4.5 au zaidi.

Lakini simshauri mgeni aruke moja kwa moja kwenye 5 kamili. Jiwe gumu kupita kiasi ni kama kioo: wembe unateleza juu yake bila kukata, uji hautoki mpaka ulazimishwe, na kosa dogo la mkono, au uso wa jiwe usionyooka kwa unene wa karatasi, linaonekana papo hapo kwenye makali. Nimeona watu wakiuza mawe ya ajabu kwa hasara wakiamini ni mabovu. La kwanza liwe gumu, lakini liwe tayari kutoa uji wa maziwa ukilisugua mara ishirini au thelathini na kipande kidogo cha jiwe la aina yake.

Ukibahatika kulishika kabla ya kununua, jaribio la maji halikudanganyi sana. Dondosha matone matatu juu ya uso mkavu kisha hesabu. Jiwe laini litayanywa ukiwa unatazama. Jiwe gumu litayaacha yamesimama yakimetameta, na dakika kadhaa baadaye bado yapo. Kisha pitisha ukucha taratibu juu ya sehemu iliyolowa. Kwenye jiwe zuri la wembe ukucha unashikwa kidogo, kama unapita juu ya ngozi ya kifuniko cha ngoma, bila kukwaruza wala kukwama popote.

Wengi wetu, lakini, hatuna bahati hiyo. Aliyeko Mwanza au Mombasa atanunua kwa picha, na jiwe litamfikia kwa posta baada ya kupita forodha. Picha basi ziombwe za kutosha: uso ukiwa umelowa, chini ya mwanga unaoingia kwa ubavu, pande zote nne, na mgongo. Katika pande nne ndimo nyufa huonekana, kwa sababu jiwe hili limejengwa kwa matabaka na hupasuka kwa matabaka. Na muulize muuzaji swali moja ambalo wengi wanaona haya kuliuliza: je, wewe mwenyewe umemalizia wembe kwa jiwe hili, ukanyolea? Mwenye jiwe zuri hufurahia swali hilo na hujibu kwa kirefu, atakwambia lilivyolia, lilivyotoa uji, uso wake ulivyojisikia baadaye. Anayejibu kwa kusifu chimbo na muhuri, mpishe.

Usafi wa uso nauweka juu ya yote, na nina sababu. Jiwe langu la kwanza lilikuwa la kijivu, zuri kwa macho, na mshipa mwembamba wa rangi ya kutu ulilikata mshazari, upana wa unywele. Nilipitisha kidole sikuhisi kitu. Nikanoa. Wembe ulitoka unang'aa, ukakata nywele za mkono, nao ulipofika shingoni ukawasha kama upupu. Niliutazama kwa lenzi ya sonara nikakuta makali yamemong'onyoka vipande vidogo, vimepangana kama meno ya msumeno mdogo. Nilirudi nyuma, nikaanza upya kwenye kinoo cha 8000, makali yakawa safi. Nikarudi kwenye jiwe, meno yakarudi. Siku ya tatu nilichukua sindano ya kushonea, nikaishika kwa vidole viwili bila kuikandamiza, nikaiburuta polepole juu ya jiwe kavu. Ilipita kimya kutoka ukingoni, ilipofika kwenye ule mshipa ikatoa sauti ndogo, tik, na vidole vikahisi mruko. Nikarudia mahali pengine: tik. Zilikuwa ni chembe ngumu ndani ya mshipa, zimesimama juu kidogo ya jiwe lililozizunguka, kiasi ambacho ngozi ya kidole haikioni lakini makali ya wembe yanakiona.

Mishipa hiyo Wajapani huiita suji. Si yote ni mibaya. Mingi ni doa tu, sindano inapita juu yake kimya. Ule wangu niliuchimba kwa ncha ya sindano mpaka ukawa mfereji ulioko chini ya uso wa jiwe, na jiwe likawa jema tangu siku hiyo. Lakini kwa mgeni, na hasa anayenunua kwa picha, afadhali jiwe lisiwe na mshipa kabisa.

Kuhusu ukubwa, usijitese. Jiwe kamili la mezani lina urefu wa takriban milimita 205 na upana wa 75, na ndilo linalobeba bei. Vipande vilivyobaki wakati wa kukata, vyenye kona iliyovunjika au umbo la pembe tatu, huitwa koppa. Seremala anahitaji jiwe pana kwa randa yake, wembe hauhitaji. Wembe husafiri mshazari, kisigino kikianza na ncha ikimalizia, hivyo eneo bapa lenye upana wa sentimita 5 na urefu wa 12 au 13 linatosha kabisa. Kama ni jembamba, ligundishe juu ya kibao. Koppa la tomae, gumu, safi, lililojaribiwa, hupatikana kwa makumi kadhaa ya dola hadi mia na ushee, na makali yake hayatofautiani na ya ndugu yake mwenye umbo.

Pamoja nalo utahitaji kile kipande kidogo cha kusugulia, tomonagura, cha ukubwa wa kiberiti. Chukua kilichotoka kwenye jiwe lile lile au jiwe la jamii moja, lisilo gumu kulipita. Kipande cha asili isiyojulikana kinaweza kumwaga chembe nene kwenye uji wako, na kazi yote ikaharibika bila wewe kujua kwa nini. Wapo wanaotumia bapa la almasi kutoa uji. Linafaa, ila likiwa jipya kabisa lichoshwe kwanza kwenye jiwe lisilo na thamani, kwa sababu almasi zilizolegea hung'oka na kubaki juu ya uso. Utasikia pia habari za nagura nyeupe za Mikawa, mkoani Aichi, ambazo hupangwa kwa hatua: botan, tenjo, mejiro, koma. Ni ufundi mzuri wenye heshima yake. Uache kwa mwaka wa pili.

Na kuna jambo ambalo jiwe, hata liwe la thamani gani, haliwezi kulifanya: kumfanyia kazi mtu asiyeweza kutengeneza makali kwa kinoo cha 1000. Jiwe la Kyoto linamalizia. Zile nyuso mbili zinazokutana kuwa makali lazima ziwe zimeshakutana kwa usahihi, urefu wote wa wembe, kabla hujaligusa. Bahati nzuri wembe wa kukunja umejibeba: mgongo na makali vyote vinalala juu ya kinoo kwa pamoja, na mgongo ndio unaoamua pembe. Ukiwa kwenye 1000, wembe ukate nywele za mkono karibu na ngozi, kisigino hadi ncha, bila kuruka sehemu. Kisha 4000 au 5000, kisha 8000. Hapo ndipo jiwe linaingia.

Usilitumbukize kwenye beseni. Vinoo vingi vya kiwandani vinapenda kuogeshwa, lakini jiwe la matabaka likinywa maji linaweza kuachana. Lirushie maji kwa kiganja, inatosha. Sugua tomonagura kwa miduara midogo mpaka maji yageuke meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Laza wembe, usiukandamize. Uzito wake wenyewe unakaribia kutosha. Sukuma makali mbele, geuza juu ya mgongo, rudi. Baada ya mikupuo kumi hivi uji unaanza kupata rangi ya kijivu: hicho ni chuma cha wembe wako. Ikifika thelathini, sauti imebadilika. Ule mkwaruzo mwepesi wa mwanzo umekuwa mnong'ono, na wembe unaanza kushikwa na jiwe, kana kwamba nyuso mbili zinanyonyana. Ongeza tone la maji, punguza nguvu zaidi, endelea. Maliza juu ya maji yanayokaribia kuwa safi. Kisha mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia safari hii, mara hamsini au sitini.

Tazama kwa lenzi. Kinoo cha kiwandani cha namba kubwa huacha kioo kinachoonyesha sura. Jiwe hili mara nyingi huacha mng'ao uliopoa, kama fedha iliyofutwa kwa kitambaa kikavu. Mgeni huogopa akadhani amerudi nyuma. Asiogope mpaka amenyoa. Makali ya jiwe zuri hukata nywele kwa wepesi huku yakiiachia ngozi utulivu ambao kioo kile, kwa uso wangu, hakijawahi kunipa.

Kwa miezi mitatu ya kwanza tumia wembe mmoja na jiwe moja. Andika katika daftari: maji kiasi gani, mikupuo mingapi, uji ulikuwa mzito au mwepesi, shingo ilisema nini jioni. Ukibadilisha wembe, sabuni na jiwe kwa wiki moja hutajua kipi kilichokusaidia wala kipi kilichokuumiza.

Jiwe likishakuridhisha, lilinde. Futa uji kabla haujakauka, na nyoosha uso kwa msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo kila unapohisi bonde, ukipunguza kidogo na kingo zote ili zisiwe na ncha ya kumong'onyoa wembe. Kisha liache kivulini siku mbili likauke hadi ndani, na uzibe pande nne na mgongo ili maji yasipenye kati ya matabaka. Japani zamani walitumia utomvu wa mti wa urushi. Siku hizi wengi hupaka rangi iitwayo kashu, ambayo hutengenezwa kwa mafuta ya ganda la korosho, na msomaji wa Mtwara aliyewahi kuchomwa vidole na mafuta hayo wakati wa kubangua anajua jinsi yanavyoshika. Paka mara tatu, tabaka jembamba kila mara, ukingoja likauke. Uso wa juu usiupake kitu.